Kitabu cha likizo: muulize anayekiuza

Shule zikifungwa, Juni au Desemba, mzazi anayeingia duka la vitabu hupokewa na ukuta wa vitabu vya kiada: Hisabati darasa la tano, Kemia kidato cha pili, mitihani iliyopita na majibu yake. Riwaya ziko huko nyuma, rafu moja au mbili, zimebanana. Wengi hawafiki huko. Wananunua kitabu cha marudio, na mtoto anakitia kabatini mpaka siku ya kufungua shule. Anayeweza kukufikisha kwenye rafu ile ya nyuma ni mhudumu wa duka, ilimradi ujue namna ya kumuuliza.

Marekani, katika maduka ya watu binafsi yasiyo ya makampuni makubwa, kazi hii ina utaratibu wake. Mfanyakazi akipenda kitabu huandika sentensi chache kwenye kikadi, anaweka jina lake, na kikadi kinabandikwa ukingoni mwa rafu chini ya kitabu chenyewe. Kiangazi kikikaribia, watu wakijiandaa kwa mapumziko ya Juni hadi Agosti, maduka hutoa orodha za vitabu walivyovichagua wafanyakazi wake. Mteja akishafurahia vitabu viwili vya mfanyakazi mmoja, cha tatu anakichukua bila maswali. Kwetu vikadi ni nadra, lakini maarifa yenyewe yapo kichwani mwa anayepanga rafu kila siku, na ya kichwani huombwa kwa mdomo.

Basi usimuulize, "Kuna riwaya gani nzuri?" Atakupa inayotoka sana, na inayotoka sana kwetu ni ile iliyowekwa kwenye mtaala. Mtajie kitabu cha mwisho ulichokimaliza, na umwambie kilichokunasa. "Kaka, nimesoma Siku Njema. Ile safari ya Kongowea kutoka Tanga mpaka Kitale kumtafuta baba yake ndiyo iliyonishika. Una kingine chenye safari?" Hapo umempa kazi anayoiweza. Anayejua vitabu vyake atanyoosha mkono kwenye Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis: kijana Yusuf anatolewa na baba yake kwa tajiri kwa ajili ya deni, kisha anaingia bara na msafara wa biashara. Mtajie pia kilichokushinda, bila haya. Na akikuuliza, "Ni cha mtihani au cha kusoma tu?" usidhani anakudharau. Hilo ndilo swali lake la maana kuliko yote.

Kwa kijana anayesema hapendi kusoma, mimi ningeanza na upelelezi. Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla, uliochapishwa mwaka 1960, bado unamshika msomaji: maiti inakutwa mzimuni, na mpelelezi Bwana Msa na kiko chake anakuja kufumbua fumbo, mwenzake Najum akiwa pembeni. Kiswahili chake ni cha Unguja, kina maneno ambayo kijana wa Mwanza au Nakuru hatayajua yote, ila kisa kinamvuta mbele hata asipoyajua. Akitaka mbio zaidi, Kufa na Kupona cha Elvis Musiba kina Willy Gamba, bastola na warembo. Hicho ni cha wakubwa kidogo, na mzazi akipitie kwanza.

Adam Shafi ndiye ninayempigia debe bila kuchoka. Kuli (1979) inawahusu wapagazi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948, na msomaji anausikia uzito wa gunia. Vuta N'kuvute inamfuata Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mzee asiyempenda. Amil Shivji aliifanya filamu mwaka 2021, kwa hiyo nyumba yenye wasomaji wawili inaweza kusoma kwanza, kutazama baadaye, na kubishana. Haini iachiwe mtu mzima: ni riwaya ya gerezani, na mwandishi mwenyewe aliwahi kufungwa.

Mtego mmoja wa rafuni ni unene. Mteja huona Nagona cha Kezilahabi, kijitabu chembamba, akadhani ni cha jioni mbili. Ni miongoni mwa vitabu vigumu zaidi katika Kiswahili. Hakikubali kusomwa kwa haraka, na wengi hukiweka chini ukurasa wa kumi. Mgeni kwa Kezilahabi aanze na Rosa Mistika (1971), ambayo iliwahi kupigwa marufuku shuleni. Kwa wembamba usio na hila chukua Adili na Nduguze cha Shaaban Robert. Gavana anayewapiga manyani wawili kila usiku, na sababu yake, ni kisa ambacho hata mtoto wa darasa la sita atakisikiliza akisomewa. Walio wadogo zaidi wasomewe Hekaya za Abunuwasi kwa sauti, kisa kimoja kwa usiku.

Kitabu kikishapatikana, usikilipie kabla ya kukikagua. Kurasa huchapwa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa kuwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16, kisha mafungu yanaunganishwa. Kosa likitokea kiwandani, fungu zima linakosekana au linajirudia. Kwa hiyo pitisha kidole kwenye namba za kurasa tangu mwanzo: ukiona 48 ikifuatwa na 65, rudisha. Fungua katikati uone kama gundi inashika. Wino unaovuka upande wa pili, picha ya jalada iliyofifia na herufi zilizopinda ni dalili za nakala ya wizi, na pesa yake haimfikii mwandishi.

Vitabu vya mitumba si dhambi, wala si vya kuonea aibu. Riwaya nyingi za miaka ya sabini na themanini hazijachapwa tena, na njia pekee ya kuzipata ni wauzaji wa barabarani wanaozitandika chini. Nao wana kumbukumbu. Muachie muuzaji jina la kitabu na namba ya simu, naye atakutafutia kwa wenzake. Bei mnapatana, lakini usimkandamize mtu aliyekutafutia kitabu kwa wiki mbili. Asiye na hela ya kununua ajaribu maktaba ya mkoa. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Maktaba Kuu ya Taifa iko barabara ya Bibi Titi Mohamed tangu mwaka 1967.

Jambo la mwisho ni siku ya kwenda. Nenda wiki ya kwanza ya likizo, asubuhi, katikati ya wiki. Shule zikikaribia kufunguliwa duka hujaa wazazi wenye orodha za madaftari na vitabu vya kiada, na mhudumu yuleyule ambaye angekaa nawe robo saa akikueleza habari za Bwana Msa hatakuwa na nafasi hata ya kuinua kichwa.