Kuyafunika Mabomba ya Hewa: Mafunzo Niliyopata Singida

Nyumba yetu hapa Singida mjini ina mabomba mawili yaliyokuwa yakionekana wazi: la bati, ambalo feni ya jikoni husukumia mvuke nje, na la plastiki la inchi nne, linalopandisha harufu ya shimo la choo hadi juu ya paa. Tuliyafunika kwa boksi za jipsamu.

1. Jua kwanza kinachopita ndani. Bomba la feni linaweza kukaa ndani ya boksi. Bomba la jiko la kuni au mkaa liache wazi, mbali na mbao. Ni kweli jipsamu huchelewesha moto: imetengenezwa kwa jasi, ambayo karibu sehemu ya tano ya uzito wake ni maji, na moto hauna budi kuyafukuza kwanza. Lakini joto la kila siku huikausha taratibu mpaka inakuwa unga.

2. Maliza mambo ya nje kabla ya kufunika ndani. Singida ni nchi ya upepo, tena mwingi hutoka mashariki. Mdomo wa bomba ukielekezwa huko, mvuke unarudi jikoni pamoja na vumbi. La kwetu linatazama magharibi na lina kifuniko kinachojifunga feni ikizimwa. La choo lazima litoboe paa. Likiishia darini, boksi hata iwe nzuri vipi haizuii harufu.

3. Weka kimlango. Hapa ndipo tulipobishana na fundi.
"Mama, kimlango kitaharibu sura ya ukuta."
"Sura nitaizoea, fundi. Mafuta yakiganda humo nitayafikiaje?"
Mkoa huu unajulikana kwa alizeti na kuku wa kienyeji, na vikikutana kikaangoni mvuke wake ni mafuta matupu. Hunata ndani ya bati, vumbi likanasa juu yake, njia ikazidi kuwa nyembamba. Mafuta hayo pia hushika moto. Tukaweka kimlango penye kona, maana uchafu hupenda kujikusanya hapo. Fundi alikubali kwa shingo upande.

4. Baridi ina kazi yake. Mji uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai bati hupoa kwelikweli. Mvuke wa makande ukiligusa unageuka matone, na jipsamu na maji havipatani. Bomba likaviringishiwa sufi ya kuzuia joto, likainamishwa kidogo kuelekea nje ili maji yatoke yenyewe.

5. Fremu iwe ya chaneli za bati. Mchwa hawaulizi mbao umenunua bei gani.

6. Chora boksi kabla ya kununua. Jipsamu bodi huwa na upana wa mita 1.2 na urefu wa 2.4, kwa hiyo ukipunguza boksi sentimita chache, huenda ukaokoa bodi nzima. Inauma kidogo kuilipia nauli kutoka mbali, ilhali jasi inachimbwa Itigi, hapa hapa mkoani, na kupelekwa viwanda vya saruji, ambako huizuia saruji isigande upesi mno.

Boksi zilipakwa rangi ile ile ya ukuta. Skrubu za kimlango tuliziacha zionekane, hata mpangaji mgeni ajue pa kufungulia.