Je, Mabati Yako ni Geji Ngapi?

Huenda ukashangaa kuona mwanachama wa Chama cha Kiswahili ameacha ngeli na methali akaja kukueleza habari za mabati. Nivumilie. Neno moja tu, geji, lilitaka kumla mama yangu akiba ya miaka mitatu, na ni neno tunalolitamka kila siku hapa Kisumu Ndogo bila kujua maana yake.

Mama huuza omena. Kwa pesa za chama cha akina mama alianza kujenga nyumba ya vyumba viwili, hatua chache kutoka pale tulipokuwa tumepanga. Kuta ni za udongo zikapigwa plasta ya simiti, kama zilivyo nyingi hapa Kibera. Pesa nyingi iliingia kwenye paa. Mama na fundi waliandikiana kwenye karatasi ya daftari langu la hesabu, nami nikawa karani: mabati 20 ya mita mbili, geji 30, nafasi kati ya mbao na mbao isizidi sentimita 90, bati lilalie jenzake wimbi moja na nusu ubavuni na sentimita 15 kwenye ncha, misumari ya mabati yenye mipira, ipigwe kwenye mgongo wa wimbi. Kila mtu akatia sahihi. Fundi akapewa pesa akanunue.

Jumamosi ile mabati yalipofika kwa mkokoteni, mimi ndiye niliyeyabeba kuyapitisha kwenye kichochoro. Nilibeba matatu kwa mara moja na wala shingo haikuniuma. Nilijisifu kwamba nimekuwa mwanamume! Kisha fundi akapanda juu, akapigilia ya kwanza, na alipoyakanyaga nikaona yanabonyea kama kopo la mafuta ya kupikia. Hapo ndipo sifa zilipoanza kunitoka.

Nikamwuliza, "Fundi, hii ni geji 30 kweli?" Akacheka. "Mwanangu, wewe soma vitabu. Bati ni bati."

La hasha! Bati si bati. Geji ni namba ya unene, nayo huenda kinyumenyume: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Desturi hiyo ilitoka kwa wavuta waya wa zamani. Waya ulivutwa kupitia tundu moja, kisha jingine dogo zaidi, na kadiri ulivyovutwa mara nyingi ndivyo ulivyozidi kuwa mwembamba na namba yake kuwa kubwa. Kwa hivyo mtu akikuambia "nimekuongezea, nimekupa 32 badala ya 30," usimshukuru. Madukani kwetu geji 28 huwa na unene wa milimita 0.35 hivi, geji 30 ni 0.25, na geji 32 ni 0.20. Tofauti ya hizo mbili za mwisho ni ndogo kuliko unene wa karatasi hii unayosoma. Nani ataiona kwa macho?

Mawimbi nayo huficha udhaifu. Bwana Henry Robinson Palmer wa London ndiye aliyepata hataza ya kukunja bati mawimbi mwaka 1829, kwa sababu bati la mawimbi hubeba uzito ambao bati bapa haliwezi. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akapata yake ya kulipaka chuma zinki kisishike kutu. Mambo mazuri hayo, lakini ndiyo yanayofanya bati jembamba ling'ae na kusimama wima dukani kama wenzake.

Maabara ya shule ina kifaa cha kupimia unene, ila ilikuwa Jumamosi na imefungwa. Nikakumbuka somo la fizikia: chuma cha pua kina uzito wa gramu 7.85 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Kumbe bati likipimwa uzito litasema unene wake lenyewe!

Fanya hivi. Chukua uzi, ulaze juu ya bati kutoka ubavu hadi ubavu, ukifuata kila wimbi, upande na ushuke nalo. Usipime kwa kukata moja kwa moja, utadanganyika. Ninyooshapo uzi wangu napata sentimita 90. Urefu ni sentimita 200. Unene wa milimita 0.25 ni sentimita 0.025. Zidisha zote tatu, upate 450. Zidisha kwa 7.85, upate gramu 3,532, yaani kilo tatu na nusu. Likiwa la milimita 0.20, kwa hesabu hiyo hiyo, ni kilo 2.8 tu. Zinki huongeza kidogo.

Pale njiani kuna mzee anayenunua vyuma kuukuu, ana mizani ya kuning'iniza. Nikamwomba. Tulifunga mabati matano pamoja, kwa maana kupima moja moja hukosesha. Yangekuwa geji 30 tungesoma kilo 17 na zaidi. Mzee akavaa miwani, akasoma: kilo 14 na nusu. Akanitazama. "Kijana, hata mimi nisingeyanunua kwa bei ya hayo mengine."

Sasa msomaji, hesabu ilikuwa rahisi. Kumwambia mama ndiyo kazi. Fundi ni jirani, alitusaidia kubeba maiti ya babu. Mama alinisikiliza, akaenda chini ya ngazi akasema polepole, "Fundi, hebu shuka kidogo." Akashuka. Akaiona karatasi ya hesabu, akanyamaza, kisha akasema, "Nyar Alego, mimi niliitisha 30. Duka ndilo lilinipa haya." Tukadai risiti. Imeandikwa "mabati 20" na bei, basi. Hakuna geji, hakuna milimita, hakuna urefu. Mpaka leo sijui nani alimdanganya nani, na mama amenikataza kuuliza.

Dukani walibisha hadi saa kumi. Mwishowe walikubali kubadilisha yale 14 ambayo hayakuwa yametobolewa, mama akaongeza pesa ya mkokoteni, na safari hii alisimama pale hadi milimita zikaandikwa kwenye risiti. Niliyapima mapya: matano, kilo 18 kasorobo. Jumatatu mwalimu wa fizikia alinipimia kipande cha yale ya kwanza kwa kile kifaa cha maabara, akapata milimita 0.21.

Yale sita yaliyokuwa yamepigiliwa hayakurudi. Yako juu ya chumba tunacholala mimi na ndugu zangu. Mvua ikinyesha usiku, upande wa mama hunguruma na upande wetu hulia kama sufuria.