Fungu Gani Litashinda? Somo juu ya Kutabiri Mashindano ya Karata



Mwanzoni mwa mwaka huu wa masomo, mdogo wetu mmoja wa darasa la tatu alipewa na mama yake pesa ya minerval. Hakuifikisha ofisini. Aliiweka yote juu ya mechi moja ya mpira, kwa sababu telefone ilimwambia kama ile timu iko na bahati 80 kwa 100. Timu ikapoteza. Alipokuja kwetu sisi makapita, tulifikiri atalia juu ya pesa. Kumbe alilia kwanza juu ya ile namba. "Yaya, walisema 80! Basi walinidanganya?"

Tulitaka kumjibu palepale, lakini jibu halikutoka. Sisi wafinaliste, tunaotayarisha Exetat, tumesoma probabilité tangu mwaka jana, na hatukuweza kumweleza mtoto wa darasa la tatu 80 kwa 100 ni kusema nini. Ilikuwa haya kwetu. Tukaenda kwa mwalimu wa hesabu. Yeye akasema mpira uko na mambo mengi sana, mvua, refa, mguu wenye kuumwa. Afadhali tuanze na mchezo ambao mambo yake yanahesabika. Akatutuma kusoma juu ya mchezo wa karata wa Marekani unaoitwa Magic: The Gathering. Tunajua kama wazazi wengine wakisikia neno karata watakunja uso. Wasihangaike. Hatukuleta karata hata moja shuleni, tulileta hesabu yake tu.

Mchezo huo ulitungwa na Richard Garfield, mtu wa hesabu, ukatoka mwaka 1993 katika kampuni ya Wizards of the Coast. Si zile karata 52 ambazo mnaona wazee wanacheza chini ya mwembe. Hapa kuna karata za namna zaidi ya 20,000, na kila mchezaji anachagua zake nyumbani mbele ya kuja. Fungu lake katika mashindano ya kawaida ni karata 60 au zaidi, na karata moja haiwezi kurudiwa zaidi ya mara 4, isipokuwa zile za ardhi ya kawaida ambazo zinatoa nguvu ya kucheza zingine. Kila mtu anaanza na uzima wa 20, na anatafuta kufikisha uzima wa mwenzake kwenye sifuri. Tena anaruhusiwa kuweka pembeni karata 15, na baada ya mchezo wa kwanza anaweza kubadilisha kufwatana na adui aliye mbele yake.

Mnaona basi kama nusu ya vita inapiganwa mbele ya siku yenyewe. Mtu anakaa kwake na kujiuliza: wengine wataleta nini? Kwa maana hakuna fungu lenye kushinda mafungu yote. Kuna mafungu ya haraka, yanapiga tangu mwanzo. Kuna mafungu ya uvumilivu, yanazuia kila kitu na kungoja. Kuna mengine yanatafuta karata mbili au tatu ambazo zikikutana mchezo umekwisha. Mara nyingi kila aina inaogopa aina moja na kuonea nyingine, sawa paka, mbwa na panya, ila hapa panya naye anajua namna ya kumtisha mbwa.

Sasa tufanye hesabu. Chukueni kalamu, msisome tu.

Wachezaji ni 100. Fungu A ndilo kila mtu anasifu, limeletwa na watu 50. Fungu B lina watu 30, na fungu C watu 20. A linashinda B mara 60 kwa 100. B linashinda C mara 60 kwa 100. C linashinda A mara 60 kwa 100. Fungu likikutana na ndugu yake, ni 50 kwa 50.

Mwenye A akikutana na mtu yeyote wa ile sale, bahati yake ni ngapi? Nusu ya wapinzani wana A: 0.5 mara 50 ni 25. Wenye B: 0.3 mara 60 ni 18. Wenye C: 0.2 mara 40 ni 8. Jumla 51. Mfanye vile vile kwa B, mtapata 20 na 15 na 12, ni kusema 47. Kwa C mtapata 30 na 12 na 10, ni kusema 52.

Tuliporudia hesabu hii mara tatu ndipo tulielewa kama kuna maulizo mawili, na watu wanayachanganya. Ulizo la kwanza: fungu gani litabeba kombe? Hapo jibu zuri bado ni A, kwa sababu liko mikononi mwa watu 50, na ile 1 tu ambayo C inalizidi haiwezi kufunika wingi huo. Ulizo la pili: mimi mwenyewe nilete fungu gani? Hapo jibu ni C. Mtu anaweza kutabiri A na kuleta C, na asiwe mnafiki hata kidogo. Mdogo wetu aliuliza ulizo la kwanza, akajibiwa la kwanza, lakini akalipa pesa yake sawa vile amejibiwa la pili.

Lakini ngojeni, kuna shida ingine. Tuseme hesabu yetu imeandikwa mahali ambapo wote wanasoma. Wiki inayofwata watu 30 wanaacha A na kukimbilia C. Sasa A ni 20, B ni 30, C ni 50. Hesabuni tena: A inapata 48, C inapata 49, na B, ile tuliyoicheka, inapata 53. Utabiri umejiharibu wenyewe kwa sababu watu waliuamini. Mvua haifanyi hivyo. Ukisema kesho itanyesha, wingu halikusikii. Wachezaji wanakusikia.

Mambo hayo yametokea kweli. Mwaka 1995 ilitoka karata nyeusi inayoitwa Necropotence. Inamruhusu mwenyewe kulipa uzima wake ili apate karata nyingi. Mwanzoni wengi waliidharau, juu ya nani anataka kupoteza uzima kwa mapenzi yake? Mwaka 1996 ilikuwa imetawala hata wachezaji wakaita majira yale "kiangazi cheusi". Mashindano ya dunia ya mwaka ule yalifanyika Seattle, na kila mtu alijua atakutana na Necropotence. Aliyeshinda ni Tom Chanpheng wa Australia, na fungu lake lilikuwa jeupe, lenye askari ambao karata nyeusi haziwezi kuwagusa. Alikuwa ameuliza wengine wataleta nini.

Na kuna jambo ambalo lilituchekesha sana. Wachezaji wanapaswa kuandika orodha ya fungu lao mbele ya kuanza. Chanpheng alisahau kuandika karata 4 za ardhi yenye kutoa nguvu ya rangi ya samawi. Waamuzi wakamlazimisha kuweka ardhi nyeupe mahali pake, na hivyo karata moja ya samawi katika fungu lake haikuweza kuchezwa siku nzima. Alicheza na karata ya bure, akawa bingwa wa dunia. Nani angetabiri hilo? Sisi wanafunzi ambao tunasahau kuandika majina yetu juu ya karatasi ya interro, tusijifariji mno kwa habari hii.

Mfano wa pili ni wa Februari 2016, katika mji wa Atlanta. Wenye kutabiri walikuwa na hesabu za miezi mingi iliyopita, nani alishinda nani. Lakini wiki mbili tu mbele yake zilitoka karata mpya za viumbe wanaoitwa Eldrazi. Vikundi vichache vilizijaribu kwa siri, vikaona kama zikiunganishwa na ardhi mbili za zamani, moja ikiitwa Eye of Ugin, zinashuka haraka kupita yote. Wenye kuzileta walikuwa sehemu ndogo ya wachezaji. Ilipofika watu 8 wa mwisho, 6 kati yao walikuwa na Eldrazi, na mmoja wao, Jiachen Tao, akabeba kombe. Hesabu za zamani hazikuwa za uongo. Zilikuwa za kweli juu ya dunia ambayo haikuwako tena. Mwezi wa Aprili mwaka uleule Eye of Ugin ikakatazwa katika mashindano ya aina ile.

Kuna wakati kutabiri ni rahisi, tukubali. Novemba 2019, huko Richmond, zaidi ya nusu ya wachezaji walileta karata moja iitwayo Oko, na Oko ikashinda, mikononi mwa Ondřej Stráský. Haikuwa na mbwa wa kuitisha. Mwezi huohuo ikakatazwa, kwani mchezo ambao kila mtu anajua mwisho wake, nani atakuja kuucheza?

Turudi sasa kwa ile namba ya mdogo wetu, ndiyo ilituleta hapa.

Katika mashindano makubwa, mara nyingi watu 8 wanabaki mwishoni, na mwenye kombe lazima ashinde mara 3 mfululizo. Tuseme kati yao kuna mmoja mwenye fungu zuri kabisa, linashinda kila mmoja wa wale 7 mara 60 kwa 100. Kila mtabiri atamtaja yeye, na atakuwa na haki. Lakini 0.6 mara 0.6 mara 0.6 ni 0.216. Karibu 22 kwa 100! Yeye ndiye anayetazamiwa kupita wote, na bado karibu mara 78 kwa 100 kombe litaenda kwa mwingine. Tulipoandika hesabu hiyo ubaoni, mwenzetu mmoja alisema iko na kosa. Basi tulikata vikaratasi 10, juu ya 6 tukaandika "shinda", juu ya 4 "poteza", tukavitia katika kofia. Unatoa kimoja, unakirudisha, unachanganya, mara tatu. Tulifanya mashindano 50 kwa mchana mmoja. Fungu letu zuri lilibeba kombe mara 9. Mwenzetu akanyamaza, halafu akaomba kofia yake.

Hata ile 60 yenyewe, inatoka wapi? Inatoka kwa kuhesabu mechi zilizochezwa. Mkisikia fungu fulani limeshinda 55 kwa mechi 100, msishangilie upesi. Ukitupa sarafu mara 100, kupata 55 si ajabu. Sarafu ya haki inayumba karibu 5 juu au chini ya 50 bila kosa la mtu. Ili huko kuyumba kuwe 1 tu kwa 100, inafaa mechi 2,500. Nyuma yetu tumeona C ikipita A kwa 1 tu. Nani amecheza mechi 2,500 mbele ya Jumamosi? Kwa hiyo mtabiri mzuri hasemi "C itashinda". Anasema ngapi kwa mia, anaandika, na baada ya mashindano mengi anafungua daftari: zile mara zote nilisema 20 kwa 100, kweli zilitokea karibu moja kwa tano? Mtu anayetaka kujua kama alidanganywa atazame daftari lote. Mechi moja haiwezi kumwambia.

Tulimwita mdogo wetu, tukamwonyesha kofia. Tulitia vikaratasi 8 vya "shinda" na 2 vya "poteza", tukamwambia atoe. Alitoa "shinda", tena "shinda", tena "shinda". Mara ya nne akatoa "poteza", akakitazama sana kile kikaratasi. Akasema: "Njo hiki." Tukamwambia ndiyo, ni hicho, na hakuna aliyekidanganya kiingie. Akauliza: basi kwa nini telefone haikumwonyesha vile viwili? Hapo tena hatukuwa na jibu la kumpa. Minerval yake bado haijatimia. Mama yake anauza mihogo ili kuirudisha, na Bwana Prefe amemkubalia alipe kidogo kidogo.

Zoezi kwa wa darasa la nne na la tano, wa sita wasiwasaidie. Watu 40 wana A, 40 wana B, 20 wana C, na nguvu za mafungu ni zilezile. (1) Fungu gani lina wastani mkubwa? (2) Watu 20 wa B wakisoma jibu lako na kuhamia fungu hilo, hesabu tena: jibu lako linabaki? Tieni karatasi katika sanduku la gazeti, karibu na mlango wa maktaba, mbele ya Jumamosi saa sita. Na tafadhali, mwandike majina.