Je, Tunafuga Panya Bila Kujua?

Hakuna nyumba ya Bagamoyo, Kaole au Bunju inayokubali kwamba inafuga panya. Lakini tukiacha gunia la mahindi wazi na makoko ya ugali sufuriani usiku kucha, tunawafuga. Panya mdogo wa nyumbani hubeba mimba siku 20 hivi, huzaa watoto 5 hadi 8, nao huweza kuzaa baada ya miezi 2 hivi.

Mkojo wa panya waweza kuleta homa ya mgunda, iliyoua watu 3 mkoani Lindi mwaka 2022. Basi, tuhifadhi nafaka katika debe lenye kifuniko, tuzibe matundu, na tulowanishe mavi ya panya kwa maji yenye klorini kabla ya kuyaondoa. Tukipata homa, twende zahanati mapema. Ugonjwa huu unatibika.