KWA NINI BAADHI YA WENYE VVU HAWAUGUI?



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Wanafunzi wetu wapenzi, na nyinyi wazazi, somo hili limetokana na swali. Jioni moja darasani mwanafunzi aliuliza: "Ustadh, nasikia kuna watu wana virusi vya UKIMWI miaka mingi, hawatumii dawa wala hawaugui. Je, hao wamesamehewa dhambi zao?" Darasa zima lilinyamaza. Nilimjibu kwamba watu hao wapo kweli, lakini sababu si hiyo aliyoidhania. Jibu kamili niliahidi kuliandika, kwani swali hili si la mchezo. Wapo waliopoteza maisha kwa kulijibu vibaya, na mmoja wao ni wa nyumbani kwetu.

1. VVU HUFANYA NINI MWILINI?

Virusi hivi viligunduliwa na wanasayansi wa Ufaransa mwaka 1983. Mwaka huo huo wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI hapa Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera.

VVU huingia ndani ya seli za CD4, ambazo ni kama makamanda wa jeshi la kinga ya mwili. Vikishaingia, hujiandika katika vinasaba vya seli hiyo na kuilazimisha itengeneze virusi vipya. Makamanda wanakufa mmoja mmoja mpaka jeshi linakosa wa kuliongoza. Hapo ndipo maradhi mengine, kama kifua kikuu, hupata nafasi, na hali hiyo ndiyo inayoitwa UKIMWI. Kwa wengi wasiotumia dawa, safari hii huchukua kama miaka kumi.

2. NI AKINA NANI HAO WASIOUGUA?

Wataalamu huwaita wadhibiti. Mtu wa kundi hili anavyo virusi, na kipimo cha VVU humwonyesha hivyo, lakini bila dawa yoyote wingi wa virusi katika damu yake hubaki chini ya nakala 50 kwa mililita moja. Asiyetumia dawa kwa kawaida huwa na maelfu kwa maelfu.

Watu hawa ni wachache sana. Katika nchi nyingi zilizochunguzwa hawafiki 1 katika kila wenye VVU 100. Jirani zetu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wameonekana kuwa na wengi zaidi. Utafiti uliotangazwa mwaka 2021, uliopima damu zilizokusanywa tangu mwaka 1987 hadi 2019, ulikadiria kuwa ni kati ya asilimia 2.7 na 4.3. Kwa nini huko ni wengi zaidi, wataalamu bado wanatafuta.

Tusiwachanganye na kundi jingine. Huko Pumwani, Nairobi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada walianza katika miaka ya 1980 kuwafuatilia wanawake waliokuwa katika hatari kubwa ya kuambukizwa. Wachache wao walipimwa mwaka hadi mwaka wasionekane na virusi kabisa. Hao hawakuambukizwa, ilhali wadhibiti wameambukizwa ila virusi vyao vimebanwa. Hata hivyo, baadhi ya wanawake hao baadaye waliambukizwa. Kinga yao haikuwa dhamana ya milele.

3. SIRI YAO NI IPI?

Zipo sababu zaidi ya moja. Nitaeleza mbili zinazofahamika vizuri.

(a) Askari wanaomtambua mwizi kwa mguu. Seli iliyoingiliwa na virusi huchukua kipande cha virusi na kukitoa nje, kama mtu anayeonyesha alama mlangoni kwake ili askari wajue ndani kuna mwizi. Kifaa kinachokitoa nje kipande hicho hutengenezwa na vinasaba viitwavyo HLA, navyo hutofautiana baina ya watu. Kwa watu wengi, kipande kinachoonyeshwa ni kama shati la mwizi. Askari wakilizoea, mwizi hubadili shati na kuwapita. Lakini mwenye aina fulani, kama HLA-B57, seli zake huonyesha kipande ambacho ni kama mguu wa mwizi anayechechemea. Akiubadili huo, atatembeaje? Virusi vinavyojaribu kubadili kipande hicho hudhoofika vyenyewe. Mwaka 2010 utafiti wa kimataifa uliolinganisha wadhibiti wapatao 1,000 na watu zaidi ya 2,600 wasio wadhibiti ulithibitisha kuwa tofauti kubwa iko hapo hapo katika HLA.

(b) Mbegu juu ya jabali. Sisi wa Singida tunayajua majabali yetu. Ukidondosha mbegu ya alizeti shambani, itaota. Ikidondoka juu ya jabali itakuwepo, lakini haitaota. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walieleza kuwa kwa wadhibiti wengi, virusi vilivyobaki vimejiandika katika sehemu za vinasaba zilizolala, zisizofanya kazi. Vipo, ila haviwezi kuzaliana. Inaelekea kinga ya mwili imeshaving'oa vile vilivyoota shambani, vikabaki vya juu ya jabali.

Ndugu msomaji, katika sababu hizo hakuna wema wala uovu wa mtu. HLA mtu huirithi kwa baba na mama kabla hajatenda jema wala baya. Ni majaaliwa ya Mwenyezi Mungu, kama urefu na rangi ya macho. Basi mdhibiti asidhaniwe kuwa ni mcha Mungu zaidi, wala anayeugua asidhaniwe kuwa ni mwovu zaidi. Suratul-Hujuraat inatukataza dharau, dhana mbaya, upekuzi na kusengenya. Tena wapo watoto waliozaliwa na virusi. Hao wamekosa nini?

4. JE, MTU ANAWEZA KUJIJUA KUWA NI MDHIBITI?

Hawezi kwa kujitazama kwenye kioo. Mwenye VVU anaweza kunenepa, kulima na kucheza mpira miaka kadhaa huku virusi vikimmaliza ndani kwa ndani. Kinachojua ni kipimo cha maabara tu. Na hata mdhibiti wa kweli hayuko salama moja kwa moja, kwani wengine hupoteza udhibiti huo baada ya miaka, na wengine seli zao za CD4 hupungua polepole. Ndiyo maana tangu mwaka 2016 utaratibu wa Tanzania ni kwamba kila anayekutwa na VVU aanzishiwe dawa, bila kusubiri CD4 zishuke.

5. KISA CHA MAMA MDOGO

Mwaka 2012 mama mdogo wangu alikuwa anatumia ARV na afya yake imerudi. Akatokea mtu akamwambia, "Fulani wa kijiji cha pili ana virusi na hamezi kitu, wewe unajitesa nini?" Akaletewa kombe, akaambiwa akilinywa aache vidonge. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea chupa hizo, kijana mwenye nguvu, nikiamini natenda jema. Kwa miezi kadhaa alionekana mzima, nasi tukashukuru. Kisha kikohozi kikaanza. Tulipomrudisha hospitali tulikuwa tumechelewa. Inna lillaahi wa inna ilayhi raajiuun.

Sisemi kuwa Qur'an haina shifaa, Allah aniepushe na kauli hiyo. Kosa letu lilikuwa kumwachisha dawa. Mtume (s.a.w.) alijitibu na akawaamrisha sahaba zake wajitibu, na bedui aliyeuliza habari ya ngamia wake alifundishwa amfunge kwanza, kisha amtegemee Allah. Dua tuiombe na kidonge tukimeze.

6. WALICHOPEWA WENGI

Wachache wamejaaliwa udhibiti wa kuzaliwa nao. Walio wengi wamejaaliwa dawa, na dawa ikitumiwa vizuri humfikisha mtu pale pale alipo mdhibiti, yaani virusi kutoonekana kwenye kipimo. Akibaki katika hali hiyo hawaambukizi wenzake kwa njia ya kujamiiana. Lakini kutoonekana si kupona. Mbegu bado zimo ardhini, na dawa ikiachwa huota.

Huenda wewe unayesoma hapa unameza kidonge kila jioni. Usione haya, na usikiache kwa maneno ya mtu. Ramadhani ikifika, muulize mtoa huduma wako, kwani dawa ya mara moja kwa siku huweza kumezwa wakati wa futari au daku. Na mgonjwa asiyeweza kufunga, dini imempa ruhusa.

Tunamuomba Allah (s.w.) awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, na atupe elimu yenye manufaa. Aamiin.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kuna tofauti gani kati ya mdhibiti na mtu asiyeambukizwa?
2. Kwa nini virusi hushindwa kumkwepa mwenye HLA-B57?
3. Mtu amepima na virusi havionekani. Kwa nini asiache dawa?
4. Waulize wazazi wako: tumfanyie nini jirani yetu mgonjwa ili asijione ametengwa?

Wabillaahi tawfiiq.