Mwanafunzi aliyesimamishwa na mlango wa kurudi

Ndugu msomaji, Ijumaa moja baada ya swala hapa Tarime mjini alinijia mzee mmoja aliyesafiri kutoka upande wa Serengeti. Mkononi alikuwa na bahasha iliyokunjwa mara nne. Ndani mlikuwa na barua kutoka chuo kikuu, imeandikwa kwa Kiingereza, ambayo mzee alisomewa na jirani: mwanawe amesimamishwa masomo mwaka mzima kwa kushiriki vurugu na kuharibu mali. Mzee huyu aliuza ng'ombe watatu ili kijana aende chuo. Na barua ile ilikuwa imekaa kwenye begi la kijana miezi miwili bila baba kuambiwa lolote.

Akaniuliza: "Ustadhi, dini yetu inasemaje? Hawa watu wamemwonea mwanangu au hawakumwonea?"

Sikumjibu pale pale, kwa sababu nilikuwa sijamsikia kijana wala chuo. Imamu Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alipomtuma Ali (r.a.) Yemen kuwa kadhi, alimwelekeza asihukumu kwa maneno ya mmoja wa wagombanao mpaka amsikie na wa pili. Katiba ya nchi yetu nayo, ibara ya 13(6)(a), inampa mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu na haki ya kukata rufaa. Na hapa kwa Wakurya, ritongo likiitishwa, mtuhumiwa husimama mbele ya watu akasema lake. Kwa hiyo katika jambo hili dini, sheria na mila vinakutana.

Tatizo ni kwamba vyuo vyetu vina historia ya kuadhibu kwa mkupuo. Kisa kinachotajwa zaidi ni cha tarehe 22 Oktoba 1966. Wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam, na baadhi ya wenzao wa vyuo vingine, waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho, kupinga sheria ya kujenga taifa kwa lazima. Sheria hiyo iliwataka watumikie miaka miwili, na sehemu kubwa ya muda huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Bango mojawapo lilidai kwamba wakati wa mkoloni ulikuwa afadhali. Rais alikuwa Mwalimu Nyerere, mtu wa Butiama, ambako barabara ya kutoka Mugumu kwenda Musoma inapita. Aliwasikiliza wakisoma tamko lao, kisha akawaamuru warudi kwao. Karibu wanafunzi 400 walifukuzwa siku hiyo, marehemu Samuel Sitta, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge mwaka 2005, akiwa miongoni mwao.

Watu wa rika la baba zangu hukisimulia kisa hiki kwa kusifu: huyo ndiye kiongozi, hakubembeleza! Mimi nina la kusifu na la kuhoji. La kusifu ni kwamba siku ile ile alikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, maana vijana walikuwa wamesema kweli kwamba wakubwa wanalipwa mno. Ni wangapi leo wanaoadhibu, kisha wakakubali kwamba aliyeadhibiwa alikuwa na hoja? Tena wengi wa waliofukuzwa walikubaliwa kurudi mwaka uliofuata. La kuhoji ni kwamba aliyeandika lile bango na aliyefuata mkumbo tu walipata adhabu moja. Mwaka 1978 wanafunzi walifukuzwa tena kwa mamia baada ya maandamano. Mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungwa kwa miezi kadhaa. Novemba 2008 vyuo vikuu kadhaa vya umma vilifungwa kwa mgomo wa mikopo. Mara zote hizo aliyegoma na aliyekuwa maktaba akisoma walifungasha mizigo pamoja.

Hebu turejee Surat Yusuf, aya ya 78 na 79. Kikombe kimeonekana kwenye mzigo wa ndugu mmoja, na wenzake wanaomba achukuliwe mwingine badala yake kwa ajili ya baba yao mzee. Nabii Yusuf (a.s.) anajikinga kwa Allah asimkamate ila yule aliyekutwa na mali, maana kufanya vinginevyo ni dhulma. Angalia kwamba hapo mbadala ni mtu aliyejitolea mwenyewe, na bado ilikuwa dhulma.

Nayaandika haya huku nikijihukumu. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, darasa zima lilikataa kumtaja aliyechora picha chafu ukutani, nikawaadhibu wote. Wiki mbili baadaye nikaja kujua kwamba aliyechora hakuwa hata mwanafunzi wa darasa lile. Niliomba radhi, lakini wapo ambao hawakuniamini tena mpaka walipomaliza shule.

Je, Uislamu unakataa kumsimamisha mtu? La. Soma kisa cha Kaab bin Malik (r.a.), kilichomo katika Bukhari na Muslim. Alibaki Madina wakati wa vita vya Tabuk, mwaka wa 9 Hijria, hali ana uwezo na vipando viwili. Mtume (s.a.w.) aliporejea, watu zaidi ya 80 walikuja na visingizio, akawapokea kwa dhahiri yao. Kaab aliulizwa kilichombakisha, akasema kweli: hana udhuru. Watu wa ukoo wake wakamlaumu kwa nini hakutunga kisingizio kama wengine. Basi yeye, Murara bin Rabii na Hilal bin Umayya wakasuswa. Kwa siku 50 hakuna aliyewasemesha.

Ilikuwa adhabu nzito. Lakini ilianza na swali, na iliwahusu watu watatu wala si koo zao. Kaab aliendelea kuingia msikitini na kutembea sokoni. Toba yao ilipoteremka (Surat Tawba, aya ya 118), Talha bin Ubaydullah aliinuka akamkimbilia na kumpa mkono, jambo ambalo Kaab hakulisahau. Kweli kile kilikuwa kisa cha wahyi, na sisi hatuna wahyi. Ndiyo maana sisi tunahitaji zaidi kuuliza kabla ya kuhukumu.

Kuna sehemu moja ya kisa hiki ambayo ningependa kila mzazi na kila mkuu wa chuo aizingatie. Siku zile Kaab alipokuwa amesuswa, mfalme wa Ghassan alimwandikia barua: amesikia ametupwa na mwenzake, basi aje kwao wamliwaze. Kaab akaitia barua ile kwenye tanuri. Kila aliyesimamishwa anapata barua yake ya Ghassan. Huku kwetu inatoka Nyamongo, kwenye vifusi vya mawe ya dhahabu, au inatoka kwa wapitishaji wa bangi na magendo mpakani Sirari. Chuo kikishampandisha kijana basi, hakuna anayeuliza anashukia wapi.

Nilipokwenda Mugumu kumwona kijana, niliambiwa amerudi juzi tu kutoka Nyamongo kuokota mawe. Ana kovu bichi kwenye goti. Mwanzo alikana. Tulipokuwa wawili tu alisema: jiwe alirusha, kioo cha maktaba kikavunjika, na waliopanga vurugu wamo chuoni wanaendelea kusoma. Aliitwa mbele ya kamati ya nidhamu, hakwenda, kwa hofu. Siku za kukata rufaa zilikuwa zimekwisha akiwa ameficha barua. Hapo nikajua jibu la swali la mzee, nikamwambia kwamba katika hili chuo hakikumwonea.

Mzee alitaka niandike kwamba mwanawe hakuwepo siku ile. Nilikataa. Kijana aliandika mwenyewe, kurasa mbili: akakiri kioo, akauliza gharama yake, akaomba kamati impe nafasi ya kusema hata kama adhabu haitapungua. Mimi nilirekebisha tahajia tu.

Jibu halijafika. Jioni anawafundisha hesabu watoto wa madrasa pale Mugumu, na baba yake amemtenga mbuzi mmoja kwa ajili ya kile kioo.