Kuonja na Kutaja: Njia ya Chakula kutoka Kerio hadi Kakuma kama Darasa la Msamiati

Utangulizi

Katika miji ya kale iliyo kandokando ya Bahari ya Kati, matembezi ya kuonja chakula yamekuwa kazi inayotambulika. Mjini Palermo, kwa mfano, wageni huongozwa na mwenyeji kupita katika soko la Ballarò, wakionja kidogo hapa na kidogo pale, huku wakielezwa asili ya kila kitoweo. Kiongozi hodari hawalishi wageni wake tu, bali huwasomea historia kupitia ladha. Waarabu waliitawala Sisilia kuanzia karne ya tisa hadi ya kumi na moja, na alama zao zimebaki jikoni na katika lugha. Neno la Kiarabu sukkar liliingia katika Kiitaliano likawa zucchero; neno hilohilo lilifika Pwani ya Afrika Mashariki likawa sukari. Anayeonja tamutamu ya Palermo na anayeonja kashata ya Lamu wanatamka watoto wa mama mmoja.

Mfano wa namna hii umekwisha kuzoeleka Mji Mkongwe wa Unguja, ambao uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Lamu, iliyofuata mwaka 2001. Hata hivyo, wanafunzi wengi wa Kiswahili hudhani kwamba somo hili ni la mijini mwa kale peke yake, penye biriani, karafuu na milango ya nakshi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba njia inayoanzia Kerio, karibu na delta ya mto huo katika Ziwa Turkana, ikapita Lodwar na kuishia Kakuma, ni darasa la msamiati lenye utajiri usiopungua ule wa Pwani. Yanakusudia pia kuonyesha kwamba darasa hilo linakidai Kiswahili deni ambalo bado hakijalilipa.

Kuonja katika Kiswahili

Kabla ya kuanza safari, ni vyema kulitazama neno lenyewe. Kuonja ni kutia kitu kidogo kinywani ili kujua ladha yake. Kiswahili hulitenga tendo hili na mengine yanayofanana nalo. Anayedokoa huchukua kidogo kwa siri kabla chakula hakijaandaliwa. Anayedoea hufika penye chakula bila kualikwa akitaraji kukaribishwa. Tofauti baina ya maneno haya haiko katika kiasi cha chakula, bali katika uhusiano wa mlaji na mwenye chungu. Jambo hili litarejewa baadaye, maana lina uzito mkubwa Kakuma.

Kwa upande wa ladha, Kiswahili kina -tamu, -chungu na -kali, lakini pia kina maneno yenye mipaka myembamba zaidi. Chakula kisicho na chumvi huitwa chapwa au dufu. Samaki aliyechemshwa bila viungo ni chukuchuku. Mchuzi uliopata viungo vya kutosha umekolea. Tunda bichi lina ukakasi, na ndimu ina ugwadu. Msamiati huu umekomaa kwa sababu wapishi wa Pwani waliuhitaji kila siku. Swali la makala haya ni: je, unatosha kwa jiko la mfugaji na jiko la mkimbizi?

Kituo cha kwanza: Kerio

Kerio ni nchi ya mto, mchanga na mikoma. Mkoma, ambao sehemu nyingine za Pwani huitwa mkoche, kwa Kiturkana ni eeng'ol. Tunda lake ni gumu; halitafunwi bali hugugunwa, na meno hufika kwenye nyama yake ya kahawia baada ya jitihada. Majani yake husukwa vikapu, kama vile miyaa inavyosukwa mikeka na makuti ya mkoche yanavyotumiwa visiwani. Hapa basi msemaji wa Kiswahili hana haja ya kukopa neno: mti ni uleule, na jina analo.

Hali ni tofauti kidogo kwa mti wa esekon. Kiswahili huuita mswaki, jina lililotokana na Kiarabu na linaloutambulisha mti kwa kijiti cha kusugulia meno. Mturkana naye huutambua mti huo pia kwa matunda yake madogo yanayoliwa. Mwanafunzi anayetafsiri esekon kuwa mswaki hajakosea kisayansi, lakini msomaji wake ataona meno pale ambapo msimulizi alikusudia chakula. Kadhalika kuna edung na edapal, ambazo matunda au mbegu zake huchemshwa kwa muda mrefu kabla ya kuliwa ili uchungu upungue. Hivi ni vyakula ambavyo thamani yake hupanda wakati wa kiangazi kikali, na kumwita mlaji wake maskini wa ladha ni kutojua kazi iliyofanyika motoni.

Katika nyanda za mafuriko za mito Kerio na Turkwel, Waturkana hulima mtama, nao huuita ngimomwa. Nafaka hii ishikwe akilini, kwa kuwa itakutwa tena mwisho wa njia ikiwa imevaa jina jingine.

Ziwani kuna samaki. Wafugaji wengi waliutazama uvuvi kama kazi ya aliyepoteza mifugo, mpaka njaa ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilipowasukuma wengi ufukweni. Mradi wa Norway ulijenga kiwanda cha kugandisha samaki Kalokol, kikakamilika mwaka 1981, lakini hakikudumu katika kazi hiyo. Kilichodumu ni ukaushaji wa samaki kwa jua na chumvi, pamoja na majina. Sokoni, samaki wakubwa huitwa mbuta na wengine ngege, majina ya Kijaluo yaliyotoka Ziwa Viktoria. Msomaji wa Tanzania angewaita sangara na sato. Jina la samaki, basi, humweleza msikivu mchuuzi aliyepita kabla yake.

Maziwa na nyama: tatizo la kutafsiri

Chakula kikuu cha mfugaji ni maziwa, nayo Kiturkana huyaita ngakile. Yakigandishwa huitwa ngakibuk. Kiswahili kina majina kadhaa kwa hali hiyo: mtindi, maziwa ya mgando, na nchini Kenya maziwa lala au mala. Yote yanakubalika kwa sababu yanaonyesha kwamba maziwa yaliachwa makusudi yabadilike. Asiseme mwanafunzi kwamba ngakibuk ni maziwa yaliyochacha, maana kuchacha ni kuharibika, na aliyeyagandisha atajiona ametukanwa.

Ugumu unazidi kwenye edodo. Haya ni maziwa yaliyokaushwa juani hadi yakawa kama unga, ili yahifadhiwe kwa siku za ukame. Tafsiri inayokuja upesi ni maziwa ya unga. Lakini kwa msomaji wa leo, maziwa ya unga ni kopo la dukani. Tafsiri hiyo inafuta jua, ngozi ya kuanikia na mikono ya mwanamke aliyeandaa, kisha inamkabidhi mwenye kiwanda sifa isiyo yake. Vivyo hivyo enyas, nyama iliyokaushwa na kuhifadhiwa, ikiitwa nyama kavu inapoteza ufundi wake. Kaskazini mwa Kenya neno nyirinyiri linajulikana kwa nyama ya namna hiyo iliyowekwa katika mafuta, nalo laweza kuwa jirani mwema, ingawa halichukui nafasi yote.

Kituo cha pili: Lodwar

Lodwar, makao makuu ya kaunti, husomwa zaidi katika historia ya siasa, kwa kuwa Jomo Kenyatta alizuiliwa huko mwaka 1959 baada ya kufungwa Lokitaung. Kwa mwanafunzi wa lugha, hata hivyo, ubao wa bei katika hoteli ya kawaida ni hati yenye maana vilevile. Hapo pana chapati kutoka Kihindi, chai, sambusa yenye nasaba ya Kiajemi, githeri kutoka Kikuyu, na nyama ya mbuzi ya kuchoma.

Pana pia matumizi yanayowashughulisha walimu. Wateja wengi wa bara huagiza mchele wakitarajia sahani ya wali. Mwalimu husahihisha: mchele ni mbichi, wali umepikwa. Ni kweli, lakini mtafiti hapaswi kuishia kwenye kusahihisha. Tofauti ya mpunga, mchele na wali ni ya watu waliolima, wakakoboa na kupika. Penye mchele uliofika kwa lori ukiwa gunia, jina moja limebaki. Tofauti imepotea kwa sababu ya barabara, si kwa uvivu wa ulimi. Vivyo hivyo mahamri ya Mombasa hapa ni mandazi, na hakuna muuzaji atakayegombana na mteja kwa ajili ya iliki.

Kituo cha tatu: Kakuma

Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, wakati vijana wengi wa Sudan Kusini walipowasili baada ya kuondoka Ethiopia. Makazi ya Kalobeyei yaliongezwa mwaka 2016. Utafiti wa IFC, shirika lililo chini ya Kundi la Benki ya Dunia, uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kambi ilikuwa na biashara zaidi ya 2,000. Nyingi kati ya biashara za namna hiyo huuza kitu cha kutia kinywani.

Kwa Mhabeshi, mgeni hupewa injera, mkate mpana wa unga uliorowekwa ukaachwa uumuke mpaka ukawa na ukali, kisha huandaliwa kahawa inayoitwa buna. Kwa Msomali kuna canjeero, ndugu mwembamba wa injera, wali unaoitwa bariis, na maziwa ya ngamia. Kwa Msudani Kusini kuna kisra, ambayo mara nyingi hutengenezwa kwa mtama uliochachuliwa. Hapa ndipo ngimomwa ya Kerio inaporudi: nafaka moja, majina matatu. Kwa Mkongo kuna bugali, sombe na makayabo. Msemaji wa Unguja atashtuka mwanzoni, kisha atagundua kwamba bugali ni ugali, sombe ni kisamvu, na makayabo ni samaki wa chumvi. Haya si makosa ya mgeni. Ni Kiswahili cha Kongo Mashariki, chenye wasemaji wengi, ambacho kimewasili Turkana kikiwa na chakula chake mkononi.

Katika mkusanyiko huu Kiswahili si lugha ya kwanza ya wengi, lakini ndicho hutumika mteja wa Kiturkana anapopatana bei na muuzaji wa Kisomali au wa Kikongo. Hata mpango wa msaada uliitwa kwa lugha hiyo ya mtaani. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianzisha Bamba Chakula, utaratibu wa kutuma fedha za chakula kwa simu ili mkimbizi anunue mwenyewe kwa wachuuzi waliochaguliwa. Katika Kiswahili sanifu kubamba ni kukamata kwa nguvu. Mtaani ni kupata. Jina hilo lilimhamisha mkimbizi, angalau katika sarufi, kutoka mpokeaji hadi mtendaji.

Mpaka wa kuonja

Hata hivyo, haifai kulipamba somo hili kupita kiasi. Mwaka 2025 mgao wa chakula Kakuma ulipunguzwa hadi chini ya theluthi moja ya kiwango kamili kwa uhaba wa fedha. Mahali ambapo watu hawashibi, kutembea ukionja si jambo jepesi. Ndiyo maana tofauti ya kuonja, kudokoa na kudoea iliwekwa mwanzoni. Mtafiti anayelipia sahani yake na kumsikiliza aliyeipika ameonja. Anayeingia boma wakati wa chakula, akapokea ukarimu wa nyumba isiyo na akiba, kisha akaondoka na daftari lililojaa, amedoea. Methali husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Haisemi mwenyeji alale njaa.

Mapendekezo na hitimisho

Maneno yaliyotajwa yanahitaji kuingizwa katika Kiswahili kwa utaratibu. Kwanza, kuna suala la ngeli. Viambishi vya Kiturkana kama e-, a-, ngi- na nga- ni vya jinsia na idadi, lakini Kiswahili hakilazimiki kuvichambua. Kilipopokea kitabu kutoka Kiarabu, kilikiona ki- kama kiambishi chake kikazaa vitabu. Edodo yaweza kukaa katika ngeli ya I-ZI bila taabu. Ngakibuk, inayoishia kwa konsonanti, itazua mjadala: je, iongezewe irabu au iachwe? Uamuzi uanzie kwa wanaolitamka neno hilo katika Kiswahili chao cha kila siku, si mezani Nairobi wala Dar es Salaam.

Pili, fasili itaje namna ya kutayarisha, si umbo la mwisho tu. Tatu, visawe vya Kongo na vya wafugaji vipewe nafasi pamoja na vya Pwani, bila kuitwa lahaja za pembeni.

Mwanafunzi anayetaka kuifanya kazi hii na aanze na zoezi dogo: achague chakula kimoja cha nyumbani kwao kisicho na jina la Kiswahili, akifasili kwa sentensi mbili, kisha amsomee aliyekipika. Ikiwa mpishi atakitambua chakula chake, fasili imesimama. Ikiwa atauliza kinachozungumziwa ni nini, basi kazi haijakwisha. Lugha inayodai kuwa ya Afrika Mashariki nzima haina budi kumwezesha mama wa Kerio kuisikia edodo yake ikitajwa kwa Kiswahili na kujua kwamba ni yake.